Biashara Isiyo na Hasara

Nimechoka kuambiwa kwamba nina friji.

Ninalo kweli, wala sijamficha mtu. Limesimama sebuleni kando ya televisheni, kwa sababu jikoni kwetu likiingia lenyewe mimi natoka. Lakini kila mgeni anayefika hapa Tabata, kabla hajamaliza maji ya baridi niliyompa, yaliyotoka humo humo kwenye friji, atalitupia jicho kama mzee anayemwangalia kijana mwenye nguvu zake amelala mchana. Halafu jicho lile lile atalileta kwangu. "Mama, una friji zima namna hii, umekaa tu?"

Nimekaa tu! Mtu amenikuta nimefua, nimeanika, nimepika, mgongoni nimembeba mtoto wa mdogo wangu, lakini kwa kuwa hakuna sarafu inayolia mahali, nimekaa tu.

Ukishakuwa mwanamke wa nyumbani, kila kitu chako kinatafutiwa ajira. Friji liuze barafu. Oveni ioke keki. Cherehani ya marehemu mama ishone mapazia. Kibaraza kiuze mkaa. Juzi mjomba alipiga hatua kutoka ukutani hadi kwenye karo, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema pale banda la kuku mia linaenea. Pale ndipo tunapoanikia nguo. Na wote humalizia kwa maneno yale yale: "Hiyo haina hasara, mama. Mtaji mdogo, uko kwako, hulipi pango."

Hulipi pango! Kwani huyu baba mwenye nyumba anayekuja kila baada ya miezi sita anakuja kutuangalia afya?

Maneno haya nayajua yanakotoka. Yanatoka kwenye zile semina za ujasiriamali za Jumamosi, kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Mbele anasimama kijana wa suti na tai, na joto lote hili, anatufundisha biashara za mtaji mdogo ambazo mwanamke anaweza kuzianza akiwa nyumbani bila kuhatarisha chochote. "Anza na ulicho nacho," anasema, na sisi tunapiga makofi. "Mtaji wa kwanza ni wewe mwenyewe." Makofi tena. Yule kijana nimemwangalia sana. Biashara yake yeye ni kutufundisha sisi biashara, na kiingilio alichukua taslimu mlangoni. Hakumwandika mtu kwenye daftari.

Basi nianze na hilo friji, maana ndilo mshtakiwa wa kwanza. Niliuza barafu: za ukwaju, za ubuyu, na za maziwa kwa wenye uwezo. Bei mia mbili.

Mteja wa barafu ana miaka sita, ana sarafu ya mia mbili iliyolowa jasho, na ana muda wote duniani. Anabisha hodi mkiwa mezani. Anataka ya ubuyu. Unafungua friji, unamtolea ya ubuyu. Anaitazama, anasema anataka ya ukwaju. Unamtolea ya ukwaju. Anaziweka mbili sambamba kwenye viganja, anauliza ipi kubwa. Unamweleza kwamba zote zimepimwa kwa kikombe kimoja. Haamini. Anaiinua moja kwenye mwanga, anaichungulia, anairudisha, anaomba kuona zile za chini, maana mwenzake alimwambia za chini ndizo ngumu. Muda huo mlango wa friji uko wazi na samaki wa kesho ameanza kulegea. Hatimaye anachagua ile ya kwanza, anang'ata pembe, ananyonya, anakuangalia usoni na kusema, "Haina sukari." Halafu anaomba nyongeza.

Nyama yetu ya wiki ilihamia kwa jirani, kwa kuwa nafasi yake ilichukuliwa na barafu. Jirani huyo ana watoto wanne na moyo wa huruma kwa watoto wake. Nyama ikienda kilo mbili ilirudi ikiwa imetafakari. Na umeme ukikatika saa nne asubuhi, ikifika saa nane nina uji wa ukwaju wa rangi tatu, unaogawiwa bure kabla haujachacha. Siku hizo mtaa mzima ulinipenda.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kugombana na yule kijana wa tai. Kwenye daftari la barafu niliandika sukari, ukwaju, ubuyu na vifuko, na kwa daftari hilo nilikuwa tajiri. Umeme haukuandikwa, kwa sababu umeme ni wa nyumbani. LUKU ikianza kulia usiku, anayeinuka kununua uniti ni baba watoto kwa hela ya nyumbani. Maji ni ya nyumbani. Nyama iliyotafakari ni ya nyumbani. Binti yangu aliyekuwa anaacha hesabu za shule kwenda kuhudumia wateja wa miaka sita naye ni wa nyumbani. Ndiyo maana biashara hizi hazina hasara: hakuna anayeiandika.

(Hivyo vifuko navyo ni kisa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kila mwanamke mwenye sufuria amegeuka mtaalamu wa vifungashio. Utasikia kina mama msibani, macho yamevimba kwa kulia, wanabishana kwa sauti ya chini kipi kinaruhusiwa na kipi kitakupeleka kwa mtendaji.)

Nikahamia kwenye vitumbua, ambavyo kila mtu atakuapia kuwa ni hela ya haraka. Mchele unaulowesha usiku, unausaga, unatia tui, sukari, hamira na iliki, unauacha uumuke. Saa kumi alfajiri, muadhini hajasafisha koo, wewe uko mbele ya kile chuma chenye mashimo. Duru ya kwanza haitoki nzima. Inang'ang'ania chuma, inabanduka vipande vipande, na hiyo haiuziki. Duru ya pili moto umezidi, vimeungua chini na katikati bado ute. Kuanzia ya tatu mkono unazoea, kijiti kinageuza chenyewe, na kitumbua kinainuka na ile kingo yake ya kahawia inayokatika kwa meno. Hapo ndipo nyumba inapoamka, kwa sababu harufu haina mlango.

Hesabu yake ni hii, na naomba isomwe taratibu. Mchele kilo moja, 2,600. Nazi mbili, 2,000. Sukari robo, 800. Mafuta, 1,200. Hamira na iliki, 400. Jumla 7,000. Kilo hiyo hutoa vitumbua kama arobaini ukiwa na mkono mwepesi, kimoja mia mbili, yaani 8,000. Faida 1,000. Sawa na vitumbua vitano.

Baba watoto hula vitano.

Hali kwa ubaya, masikini. Yeye huita kuonja. Anapita akienda kuoga, anaonja. Anarudi kutoka kuoga, anaonja kama ladha bado ni ile ile. Anapiga suruali pasi, chai haijachemka, anachukua viwili vya kusubiria chai. Siku nilipomwambia kwa upole kwamba amekula faida, alicheka sana, akaniuliza mchele ulinunuliwa kwa hela ya nani. Nikamuuliza na mimi, aliyeamka saa kumi ni nani. Akasema kuamka ni bure. Haya, tukaishia hapo, maana watoto walikuwa wanasikiliza. Mtungi wa gesi wa kilo sita nao ukawa hauoni mwisho wa mwezi, na yeye yule yule analalamika kwamba siku hizi gesi inapunjwa.

Ukipona kwa mume, kuna dunia. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, sukari ikaadimika mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Kitumbua hakina bei elekezi. Ukikipandisha kiwe 250, mteja atakuambia hana hamsini, na kweli hana, na wewe huna chenji. Ukikipunguza ukubwa, kabla ya saa moja na nusu mtaa wote umeshapata taarifa. Ukiacha vyote kama vilivyo, unalisha watu kwa hela yako na wanakushukuru kwa kusema vya jana vilikuwa vitamu zaidi.

Halafu, baba watoto angalau anakula mbele yangu. Wapo wanaokula kupitia kaunta buku.

Mkopo wa mtaani hauombwi na mtu mzima. Anatumwa mtoto, tena yule mdogo mwenye macho makubwa. "Shikamoo. Mama amesema umpe vinne, atakuletea jioni." Jioni ipi, hajatumwa kusema. Utamrudisha mtoto wa watu mikono mitupu, na sare ameshavaa? Unampa vinne, unaandika. Kesho anakuja kwa vinne vingine na salamu. Ukipekua kaunta buku yangu utadhani ni sajili ya shule ya msingi: mama wa fulani, mama wa fulani, mama wa wale mapacha, fundi geti, mama wa fulani tena.

Mwenye duka akichoka anaandika kwa rangi nyekundu ukutani kwamba mkopo hakuna, na mambo yameisha. Ukinuna, unanunia ukuta. Mimi ukuta wangu una picha ya harusi na kalenda. Niandike wapi?

Na huyo ninayemdai ndiye aliyenishikia watoto nilipolazwa. Ndiye mwenye ufunguo wangu wa akiba. Ndiye nitakayemkuta amekaa jikoni akimenya vitunguu siku nikifiwa. Nimdai kwa sauti gani? Kumdai jirani kuna utaratibu wake. Kwanza unapita kwake kana kwamba unaelekea kwingine. Unasalimia, unauliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Mnalilaani jua. Kisha unatupa ndoano: "Mwenzangu, mchele umepanda, sijui hata kama kesho nitapika." Yeye anaguna, anajishika shavu, anasema, "Yaani shoga yangu, hali ni ngumu, we acha tu." Hapo ameshakuzidi ujanja. Ukimdai mtu ambaye ameshasema hali ni ngumu, wewe ndiye mbaya. Unarudi kwako na elfu tatu yako imebaki kule kule, na umeongeza pole ya mguu. Kesho yake anapita na kitenge kipya, anapunga mkono.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakutaja kwamba hayo matanga anakaa mkopeshaji.

Ndugu ni daraja jingine. Wifi yangu, ambaye nampenda, aliniagiza keki ya kipaimara cha mwanawe. Alinitumia picha aliyoitoa Instagram: ghorofa tatu, maua ya dhahabu, ngazi, na kitu kinachomwaga maji katikati. "Wifi, nataka kama hii, ila nifanyie ya bei nzuri." Nikamtajia bei iliyo nzuri. Kimya kirefu kwenye simu, mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha: "Wifi, mimi na wewe tunauziana?"

Sasa swali hilo linajibiwaje? Ukisema ndiyo, umevunja ukoo. Ukisema hapana, umeoka keki bure. Nilioka. Mayai trei nzima, siagi, aisingi ya kupiga mpaka bega likafa ganzi, na oveni ikila umeme usiku kucha. Alilipa, tusimseme vibaya. Alilipa nusu, akatuma kwa simu bila ya kutolea. Nikaenda kwa wakala, nikakatwa. Laiti kungekuwa na somo moja tu la ujasiriamali katika nchi hii, lingekuwa kumfundisha kila mtoto wa Kitanzania kutuma na ya kutolea.

Na keki, nawaambia wale wanaoivizia, ina ubaya mmoja mkubwa. Mteja akiahirisha sherehe, umebaki na ghorofa mbili zilizoandikwa "Hongera sana" na jina la mtoto wa watu. Utamuuzia nani? Unaanza kuulizia mtaani kama kuna mtoto mwenye jina hilo.

Wenye akili wakasema basi uza kisicholika. Sabuni ya maji! Sabuni haichachi, haiumuki, na baba watoto hawezi kuionja. Nikaenda mafunzoni. Tulipewa madumu ya kemikali yenye majina ya kutisha, salfoniki, sles, gliserini, na magadi soda, chumvi, rangi na manukato. Sharti kuu, lililorudiwa zaidi ya masharti ya kuvaa glavu, lilikuwa kukoroga kuelekea upande mmoja. Ukianza kulia ni kulia mpaka mwisho. Ukigeuza mwiko, sabuni itakataa. Basi kina mama ukumbi mzima tukazizunguka ndoo, tunakoroga kwenda kulia kwa heshima kubwa, hakuna anayepumua vibaya. Mmoja wetu ni mashoto. Aliombwa asimame pembeni aangalie tu. Mapovu yakajaa hadi mdomoni mwa ndoo, tukaambiwa tuyaache yalale hadi kesho ndipo rangi ionekane. Kesho ikaonekana: kijani, nzito, inateleza vizuri, inanukia tufaha.

Tulitoka pale kila mmoja na ndoo yake, na hakuna aliyekuwa na mteja, kwa sababu wateja wetu wote ndio tuliokuwa tumekaa nao ukumbini. Kwa wiki nzima mtaani kwetu ukipita unakuta chupa za maji zilizojazwa kijani zimepangwa kila kibaraza, na nyuma ya kila chupa mama anayekutazama kwa matumaini. Tuliishia kubadilishana. Mimi nikampa jirani chupa yangu, yeye akanipa yake, tukasifiana.

Hapo ndipo unapoambiwa peleka madukani. Mwenye duka kubwa anageuza chupa, anatafuta nembo. Hana kosa. Njia ya kupata nembo ipo: SIDO, ambalo lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, linaweza kukutambulisha TBS, wakaja kuona unapozalishia na kupima bidhaa yako. Lakini unapozalishia wewe ni bafuni. Nendeni mkamweleze mkaguzi kwamba asubiri kidogo, babu yuko ndani anaoga.

Kuku sitawazungumzia sana kwa sababu napenda amani. Wifi yule yule wa keki alifuga wa nyama kwenye kibaraza chake kwa hesabu ya kalamu: vifaranga mia, wiki tano au sita, hela mkononi. Kwenye karatasi hakuna kuku anayekufa. Chanjo ya mdondo siku ya saba, ya gumboro siku ya kumi na nne, jiko la mkaa usiku ili wasipate baridi, maranda ya kubadilisha wasikae kwenye unyevu, na harufu inayokufuata hadi kanisani. Lakini hayo yote angeyaweza. Kilichomshinda ni kwamba kuku wa kisasa akishafikisha wiki zake sita hana kazi nyingine isipokuwa kula. Mteja akisema atakuja Jumamosi, kuku anakula hadi Jumamosi. Mteja akiahirisha, kuku haahirishi. Mwishowe alikuwa anawauza kwa kuwasihi watu, na sisi ndugu tulikula kuku mpaka watoto wakaomba maharage. Kwa bei ya kindugu, bila shaka. Nilimuuliza, "Wifi, mimi na wewe tunauziana?" Hakucheka.

Mtaji ukikauka, wanakuja wa mikopo. Ipo ile ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ni hela nzuri, ila lazima muwe kikundi, na kikundi ni katiba, mwenyekiti, mhazini, akaunti ya benki, na yule mwanachama mmoja ambaye simu yake haipatikani siku ya kusaini. Ipo na ile ambayo wananchi wenyewe waliibatiza kausha damu. Hiyo haina katiba. Unapewa asubuhi, marejesho kila wiki, na ukichelewa vijana wanakuja na toroli, wanabeba kochi, televisheni na friji. Kuna siku, wageni wakishanisema sana, nasema waje tu wabebe, nipumzike.

Mimi niko VICOBA. Mtindo huu wa kina mama kuweka akiba na kukopeshana wenyewe ulianzia vijijini Niger mwaka 1991, na hata huko naamini alikuwepo mama mmoja anayechelewa kikao kila wiki na kulipa faini akiwa amenuna. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Ulinzi ni madhubuti. Nilipokwama na kuhitaji mkopo wa mchele na nazi, mwenye ufunguo wa kwanza alikuwepo, wa pili alikuwepo, wa tatu alikuwa Singida kwenye msiba wa baba yake mdogo. Tulikaa tukilitazama sanduku letu. Hela zetu ziko ndani, sisi wenye hela tuko nje, na hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo mkinibana niseme ni biashara gani nafuu kwa mwanamke anayeanzia nyumbani, nitasema ile ambayo isiponunuliwa mnaila. Kitumbua kilicholala ni chai ya kesho. Sabuni iliyobaki imetuoshea vyombo mpaka leo na bado ipo. Batiki isiyopata mteja utaivaa kwenye sendofu. Keki yenye jina la mtu na kuku mwenye njaa waachie wenye roho ngumu.

La pili ni ambalo yule kijana wa tai hawezi kulisema, kwa sababu litamkosesha ukumbi. Biashara yangu ya nyumbani ilianza kuleta hela siku ilipotoka nyumbani. Vitumbua sasa naviweka kwenye ndoo yenye mfuniko, naviteremsha hadi kituo cha daladala kabla jua halijachomoza. Konda hanijui, wala simjui. Hajui habari za mguu wa mtu. Ananyoosha mkono dirishani, mia nne, vitumbua viwili, gari linaondoka. Hawezi kusema atalipa jioni kwa sababu jioni hajui mimi niko wapi, na mimi sijui yeye yuko Mbagala au Mbezi. Dereva hanunui kimoja. Ananunua vitano, vile vile vitano vya baba watoto, na huyu analipa.

Msidhani nimefika. Kituoni kuna vumbi, kuna mvua isiyotoa taarifa, kuna mwenzangu wa mihogo anayesema kona ile ni yake tangu zamani. Kuna kuulizwa kitambulisho. Vile vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza Desemba 2018 kwa 20,000 nilikichukua changu, nikakitunza mahali salama mno, na sasa sijui ni wapi. Na nyumbani nako wameninunia. Mtoto mwenye macho makubwa alikuja na salamu, akakuta nimeshatoka. Mama yake amewaambia watu kwamba siku hizi nimebadilika, najiona.

Baba watoto anakunywa chai na mkate. Ananyamaza kwa namna ambayo mtu mzima hunyamaza ili aulizwe. Simuulizi.

Jana usiku wifi kanipigia, sauti ina furaha ya mtu aliyetoka semina. Anasema kuku alikosea, lakini sasa amepata kitu. Uyoga. Mtaji ni maranda na mbegu kidogo, hauli, haulii, haunuki, hauhitaji hata taa. Unataka giza na unyevunyevu tu, na ukikolea unavuna mfululizo. Hauna hasara kabisa. Kwake hana nafasi. Ameniuliza chumba cha babu kina madirisha mangapi.